Dengu za Kusomea

Rathenow, 9 Novemba 1885

Mpwa wangu Adelgunde,

Salamu zingoje kwanza mlangoni, zikung'ute matope. Ujue kabla ya yote kwamba unaandikiwa na mtu aliyevumbua miwani.

Haya, cheka umalize. Si kweli. Miwani ilivumbuliwa na Mtaliano mmoja miaka mia sita iliyopita, na jina lake hata Wataliano wenyewe wanaligombania. Lakini Jumamosi nililisema neno hilo kilabuni mbele ya mgeni mmoja, muuza vitambaa kutoka Magdeburg, naye akaninunulia bia mbili na kunipa mkono kwa heshima kubwa. Nikaona si adabu kumkatisha tamaa mtu mwema. Alipoondoka niliungama kwa wenzangu. Bia sikuirudisha.

Sasa salamu ziingie. Mimi mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko gazeti. Mto Havel ulipanda mpaka kwenye ghala langu la chini, ukashuka. Haukuchukua kitu cha maana. Kuku wamebaki watatu, na jogoo amezeeka kama mimi, anawika saa sita mchana. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Dada yangu Rosine angeliona lile gugu lililokuwa pale angenifinya sikio.

Neno langu ni hili. Barua yako ya Agosti ilikuwa na kurasa tano, na habari zake zingetosha ukurasa mmoja. Herufi zako zimenenepa, Gunde. Zamani ulikuwa ukiandika kama sisimizi wanaokwenda kanisani. Sasa wamekuwa ng'ombe wanaotoka malishoni. Shule inakupa karatasi za bure, au kuna nini?

Mjomba wako,
Balthasar Quast, msaga vioo mstaafu


Stolp, 22 Novemba 1885

Mjomba wangu mheshimiwa,

Nakuamkia kwa adabu, ingawa mtu anayekunywa bia ya uongo hastahili. Mimi sijambo. Baridi imekwisha ingia. Mabata bukini wa mji mzima wamechinjwa na manyoya yanaruka barabarani kama theluji. Mwenye nyumba wangu, Bi. Pagenkopf, amenunua ndege wa kufugwa anayeimba kuanzia alfajiri. Tunaombeana mauti, mimi na yule ndege.

Habari za herufi zangu ziache. Nimenunua kalamu mpya, nene.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana anastaafu, na jina langu limetajwa. Tarehe 26 Machi atakuja mkaguzi. Nitafundisha somo moja mbele yake na mbele ya wazee wa mji, na somo nimelichagua mwenyewe: jinsi binadamu alivyojitengenezea jicho la pili, tangu jiwe la kusomea hadi miwani, darubini na hadubini. Vitabu vyangu vina majina na miaka, na watoto wa miaka kumi wakisikia miaka wanalala. Wewe umekaa na vioo nusu karne. Nipe mambo ya kuwaamsha.

Na ombi dogo pembeni. Mwalimu mwenzangu, Bi. Trautvetter, siku hizi anapata taabu kidogo ya kusoma. Mji huu ni mdogo, anaona haya kwenda dukani. Basi nitumie dengu mbili za kusomea, nitampa mimi.

Mpwa wako,
Gunde


Rathenow, 3 Desemba 1885

Gunde wangu,

Hatujambo, mimi na kuku. Goti limeharibika, maana yake theluji inakuja Alhamisi.

Waambie hivi wasichana wako. Hapo kale palikuwa na watawa wazee ambao kazi yao ilikuwa kunakili vitabu, na macho yao yalikuwa yamechoka kama soksi za mpeleka posta. Wakapata jiwe angavu lililosuguliwa likawa kama nusu ya tufaha, wakaliweka juu ya ukurasa: herufi zikanenepa. Wakalisukuma mstari kwa mstari, miaka na miaka. Mpaka siku moja mtu mmoja akajiuliza: kwa nini jiwe nalilaza juu ya kitabu, badala ya kulileta machoni? Akalisaga jembamba, akatengeneza mawili, akayaunganisha kwa msumari, akayapachika puani. Miwani ikazaliwa.

Lakini ilianguka kila mtu alipopiga chafya! Na hapa ndipo wasichana wako watacheka. Miaka mia nne na zaidi pua ilibeba mzigo ule peke yake, na masikio yapo pale pale pembeni, yamekaa kama mashemeji wavivu. Miaka mia nne! Ndipo mtu akafikiri kutia vijiti viwili vya kuning'inia masikioni. Waambie watoto: ukiona jambo liko wazi, usidhani limekwisha onekana.

Halafu Wavenisi. Hao walikuwa na sheria kali: ole wake auzaye kioo cha kawaida kwa jina la fuwele. Mali yake ilivunjwavunjwa. Namjua mtu mmoja mji huu ambaye kule Venisi angekuwa amekwisha kosa duka. Simtaji. Jina lake linaanza na K, karakana yake iko nyuma ya kanisa, na mimi sikanyagi pale hata nipewe jeneza la bure.

Na kwa nini sisi Wajerumani tunaita kioo cha miwani dengu? Kichukue kile cha kusomea, kitazame ubavuni: kimevimba katikati, kimesinyaa ukingoni, sawasawa na dengu ya chunguni. Mzee mmoja mwenye njaa aliona hivyo, akakiita hivyo, nasi hadi leo tuna neno moja kwa vitu viwili.

Sasa jambo lililoniponza. Ombi la Bi. Trautvetter nililisoma, lakini mimi mzee, na herufi zako hizo za kalamu nene zilinizonga, nikasoma pauni mbili za dengu za kupika. Zimo katika mfuko wa kitani. Atasomaje nazo sijui, ila kwa siki na kitunguu ni tamu.

Zichambuliwe vizuri kabla ya kupikwa.

Mjomba wako mwenye makosa,
Balthasar


Stolp, 20 Desemba 1885

Mjomba,

Heri ya Krismasi, na umri wako haukupi ruhusa ya kila kitu.

Bi. Pagenkopf alifungua mfuko mbele yangu akasema, “Mjomba wako si ni msaga vioo?” Nikasema ndiyo. “Basi amesaga vibaya,” akasema, “hivi bado ni vya mviringo.” Amelirudia neno hilo kwa muuza mkate, kwa mchungaji na kwa yule ndege.

Mambo ya pua na masikio nitayatumia, asante. Lakini umeanza hadithi katikati. Kabla ya watawa wako alikuwako Mwarabu wa Basra aliyekaa Misri. Yeye alijifungia katika chumba cha giza, akatoboa tundu dogo ukutani, akaona taa za nje zikijichora ndani juu chini. Akathibitisha kwamba jicho halirushi miale kama wazee wa Kiyunani walivyodhani. Mwanga ndio unaokuja kwetu. Watawa wako walikuwa wanasukuma jiwe. Yeye alikuwa amekwisha jua kwa nini. Usiwapunje watu haki yao, mjomba, wewe unayependa sheria za Venisi.

Dengu tumezipika nusu, kwa kifua cha bata bukini kilichokaushwa kwa moshi. Nilizichambua mwenyewe, dirishani, mchana kweupe, mara mbili. Zilikuwa safi kabisa, hapakuwa na jiwe hata moja, mpongeze aliyekuuzia. Pauni iliyobaki nimeitia katika chupa.

Ningekuandikia mapema, ila nimesumbuliwa na jino.

Bi. Trautvetter bado anangoja.

Gunde


Rathenow, 2 Januari 1886

Gunde,

Mwaka mpya uwe mwema. Theluji ilikuja Alhamisi, kama goti lilivyosema.

Mwarabu wako nimemkubali. Nilimweleza kilabuni, na fundi saa akasema anamwamini kuliko mimi.

Sasa kaa chini. Kabla ya kuufunga ule mfuko nilitia ndani vitu kumi na moja visivyolika. Nilivihesabu mezani mara tatu. Ukubwa wa dengu, rangi si mbali na dengu, lakini mtoto wa miaka saba mwenye macho angevitoa vyote huku anaimba. Wewe umechambua mara mbili, mchana kweupe, dirishani, ukaniandikia kwamba ni safi kabisa. Jino lako nadhani limekutana na kimojawapo. Lipe pole.

Sikucheki. Yaani nilicheka, halafu nikaacha.

Nikwambie habari ya muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, uwape watoto. Huyu hakuwa msomi. Kilatini chake kilikuwa kama changu, yaani hakipo. Alikuwa na kidengu cha kioo cha kuhesabia nyuzi, ajue kitambaa kizuri na kibovu. Siku moja, nyuzi zimemchosha, akatazama tone la maji ya ziwa. Akaona vijidudu vinaogelea humo kwa mamia. Akakwangua meno yake mwenyewe, akatazama: navyo vimo! Wasomi wakubwa wa Uingereza hawakumwamini, wakatuma watu wakaone kwa macho yao. Mtu yule hakuona haya kusema, “Bila kioo sioni.” Angeona haya, angekufa anahesabu nyuzi.

Basi mwambie Bi. Trautvetter kwamba jicho likifika miaka arobaini na kitu huwa gumu ndani kama mkate wa juzi. Si ugonjwa. Si aibu. Mfalme linamfika, na mchunga nguruwe linamfika. Anyooshe mkono ashike kitabu mbali mpaka herufi zitulie. Kutoka jichoni hadi kitabuni apime kwa uzi, aukate, autie katika bahasha. Hayo tu.

Vyombo vyangu viko tayari.

Mjomba wako


Rathenow, 9 Februari 1886

Gunde,

Wiki tano. Jogoo amekufa. Wewe umekasirika, au nawe umekufa? Kama umekufa, niandikie.

B. Q.


Stolp, 17 Februari 1886

Mjomba wangu,

Pole kwa jogoo.

Bi. Trautvetter hayupo. Hajapata kuwapo. Jina lake nililisoma juu ya pipa la siki, kutoka ng'ambo ya barabara, maana kutoka ng'ambo ya barabara nasoma vizuri sana. Naiona saa ya mnara. Namwona msichana anayetafuna tufaha mstari wa mwisho. Macho yangu mazima, mjomba. Mikono ndiyo imefupika.

Ilianza miaka miwili iliyopita. Kitabu cha darasa nimekihifadhi chote moyoni, kurasa mia moja na arobaini. Nakishika mbele yangu na kufunua ukurasa panapopasa kufunuliwa. Mwezi uliopita nilikishika juu chini. Friederike, yule mtafuna tufaha, akanyoosha kidole: “Mwalimu, kitabu kimelala chali.” Nikamwambia vema, nilikuwa napima nani yuko macho. Nilimpa alama ya juu. Usiku sikula.

Sasa sikia. Mkaguzi huyu ana desturi moja. Baada ya somo humpa mwalimu karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake yeye, herufi ndogo, ambayo mwalimu hajapata kuiona, aisome papo hapo. Mwaka jana, mji wa jirani, mwalimu wa miaka hamsini alikwama mstari wa pili. Kufikia Pentekoste hakuwa mwalimu tena. Anakaa kwa kaka yake, anamenya viazi. Mimi sina kaka. Nina shule.

Utaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Kwa sababu mimi ni mtu wa nyumba yenu. Mama alikuwa akiosha vioo vyako kwa maji ya majivu, akiviinua dirishani kimoja kimoja, na mimi nimekaa chini ya meza. Nilijifunza kusema “safi” na “ina mkwaruzo” kabla ya kusema “maji”. Leo nimepewa pauni mbili za dengu na sikuona mawe kumi na moja. Nililia, mjomba. Halafu nikakasirika. Halafu nikapima.

Uzi huo hapo. Zimebaki siku thelathini na saba.

Tafadhali, safari hii zisiwe za kupika.

Gunde


Rathenow, 8 Machi 1886

Mpwa wangu Gunde,

Uzi ulifika. Ni mrefu, ningeuanikia soksi. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: dengu zako ni za nguvu ya nambari ishirini na mbili. Wasomi siku hizi wanapima kwa mita ya Wafaransa na kupata namba nyingine, lakini mimi napima kwa inchi nilizozaliwa nazo.

Ni hizi, katika kisanduku. Nimezisaga mwenyewe, siku sita, kwa mguu kwenye gurudumu na kidole gumba juu ya kioo, kama zamani. Waeleze watoto namna yake: ukitaka dengu iliyovimba, unaisugua ndani ya sahani ya chuma iliyobonyea, kwa maji na unga wa msasa. Kwanza unga mnene, inalia kama kinu. Kisha mwembamba, inanong'ona. Mwisho unga mwekundu wa kutu juu ya lami, na hapo haisemi kitu. Ikinyamaza kabisa ndipo uitazame. Msaga vioo mzuri husikiliza kuliko kuangalia.

Fremu ni ya waya wa chuma. Ina vijiti vya masikio, nisije nikalaumiwa kwa miaka mingine mia nne. Usiivae mara ya kwanza mbele ya mkaguzi. Ivae nyumbani siku tatu, na ukisimama uivue, la sivyo sakafu itakujia juu kama mbwa.

Nimebakiwa na habari ya darubini. Middelburg, Uholanzi, mwaka wa 1608. Msaga miwani mmoja alikwenda serikalini na bomba lenye dengu mbili, moja mbele moja nyuma, akaomba hati ya kuwa mwenye nalo peke yake. Kabla wino haujakauka akaja mwingine: “Na mimi ninalo!” Baadaye na wa tatu akadai. Serikali ikasema, jambo linalojulikana na watu wengi hivi hatumpi mtu mmoja. Ikanunua mabomba, ikanyima hati. Baada ya mwaka mabomba hayo yakaelekezwa mbinguni, na mwezi ukaonekana una milima.

Nimefikiri juu ya hilo nikiwa kwenye gurudumu. Jina la aliyetazama huandikwa. Aliyesaga, hata kama alisaga vizuri kiasi gani, jina lake huoshwa pamoja na matope ya msasa. Silalamiki. Nasema tu, Gunde: vioo vya familia hii havijapata kuwa na mkwaruzo.

Karatasi hii usiitazame sana. Yangu iliisha.

Mjomba wako,
Balthasar


Stolp, 28 Machi 1886

Mjomba wangu, mjomba wangu,

Salamu za Bi. Pagenkopf na za ndege wake, ambaye namwona kuwa ana manyoya meupe chini ya shingo. Sikujua.

Wazee wa mji walikaa ukutani wamefunga vifungo vyote. Mkaguzi ni mtu mrefu mwenye mafua. Nikaanza na Mwarabu katika chumba chake cha giza, nikaja kwa watawa, nikafika kwenye pua na masikio. Wasichana wakacheka, wazee wakacheka, mmoja akajishika sikio kuhakikisha lipo. Mkaguzi peke yake hakucheka. Akasema, “Mwalimu unasimulia miwani kama mtu aliyeiona kwa mbali.”

“La, bwana mkaguzi,” nikasema. “Nimeiona kwa karibu tangu Alhamisi ya wiki mbili zilizopita.” Nikaitoa mfukoni nikaivaa.

Nikasikia mtu ananong'ona, “Bundi!”

“Bundi huona gizani, Friederike,” nikasema. “Na huona tufaha lililo chini ya dawati. Endelea kuandika.”

Wakacheka tena, na safari hii mkaguzi naye alicheka mpaka akapiga chafya. Kisha akanipa ile karatasi. Ilijaa pande zote mbili, herufi zake kama vumbi la tumbaku. Mjomba, niliziona zote. Niliona mahali kalamu yake ilipokwaruza, niliona nywele za karatasi. Nilisoma mpaka mwisho bila kupumzika, na mstari wa tisa nikamsahihishia kosa la tahajia.

Akaniuliza, “Nani amekutengenezea miwani hii?”

Nikasema, “Mjomba wangu, Balthasar Quast, msaga vioo wa Rathenow.”

“Anaandikwaje?”

Nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika. Limo katika ripoti yake, mjomba. Nilisimama karibu nikalisoma nikalihakikisha: Q, kubwa, yenye mkia. Na chini yake limo neno kwamba kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwezi wa Septemba, nitakuwa mwalimu mkuu.

Nikarudi nyumbani nikamimina ile chupa mezani. Nilitoa mawe manne kwa dakika mbili. Moja lilivunja jino langu, mawili Bi. Pagenkopf aliyatema bila kuniambia (amekiri leo), na matatu nadhani tumeyameza, Mungu atusamehe. Hayo ni kumi. La kumi na moja si jiwe. Ni kipande cha kioo, saizi ya dengu hasa, kimevimba pande zote mbili, upande mmoja kimesagwa vibaya kidogo. Ni nini?

Na swali jingine. Ulisema karatasi nisiitazame. Mimi sasa natazama kila kitu. Juu yake pameandikwa kwa herufi ndogo za buluu: Klabunde na Wanawe. Mtu uliyeapa hutamkanyagia mlango hata kwa jeneza la bure.

Gunde, mwenye macho


Rathenow, 6 Aprili 1886

Mwalimu Mkuu,

Barua yako niliipeleka kilabuni nikaisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili kwa watu wale wale. Fundi saa alitaka kuiona ile Q. Nikamwambia aende Stolp. Hakuna aliyeninunulia bia. Nilinunua mimi, na sikusema uongo hata mmoja usiku mzima. Ilinichosha.

Habari ya karatasi. Nilisema Havel haukuchukua kitu cha maana. Uliondoka na gurudumu langu, benchi na sahani zote, na nikakwambia vyombo viko tayari. Ulipoleta uzi sikuwa na hata kijiti. Basi nikaenda nyuma ya kanisa.

Klabunde alikuwa amekaa mlangoni anakunywa kahawa. Hakuinua kichwa. “Quast,” akasema. “Nilijua utarudi.”

“Sijarudi. Nimekuja.”

“Tofauti yake?”

“Anayerudi hukaa.”

“Mwaka wa sitini na saba uliniita mwizi mbele ya soko zima.”

“Nilikuita muuza vioo vya dirisha. Mwizi uliliongeza mwenyewe.”

Akanywa kahawa. “Unataka nini?”

Nikavua kofia, Gunde. Miaka kumi na tisa kofia ile haikupata kuvuliwa mbele yake. “Benchi, siku sita. Dengu mbili za nambari ishirini na mbili.”

“Za nambari hiyo zimejaa kabatini. Mashine inatoa mia kwa siku. Chukua uende.”

“Ni za mtoto wa Rosine.”

Wewe hujui, lakini bwana huyu alipata kumposa mama yako, na mama yako akamjibu kwamba kila akimtazama haoni kitu. Klabunde akaweka kikombe chini. Akapanda ngazi mwenyewe, mzee wa miaka sabini na mbili, anahema kama mvukuto, akashuka na bonge la kioo lililofungwa katika gazeti. “Hiki si cha dirisha,” akasema.

“Nitaona.” Nikakiinua kwenye mwanga. Hakikuwa cha dirisha. Nikamwambia hivyo, nayo ndiyo samahani yote atakayoipata kwangu.

Na cha kumi na moja. Hiyo ni dengu ya kwanza niliyoisaga maishani. Nilikuwa na miaka tisa, mama yako saba. Nilimletea nyumbani nimeificha shavuni. Akaiweka juu ya kitabu cha nyimbo, akapiga kelele: “Balthasar, herufi ina nywele!” Akaitunza katika kikopo cha sindano mpaka alipokufa, ikanirudia. Niliitia kwenye mfuko kwa sababu nilijisemea: mawe yatampita, lakini hii haitampita, si mtoto wa Rosine. Ulipoandika kwamba ni safi kabisa, nilikaa chini na sikusimama mpaka kuku walipokuja kuniuliza.

Sasa umeiona. Basi tumemalizana, ila deni moja. Uliomba dengu mbili, nami nimekupa mbili, za chuma na masikio. Zile za chunguni zilikuwa juu ya hesabu, na pauni moja bado iko kwako. Ni yangu. Nirudishie, katika mfuko wangu ule ule wa kitani. Zichambue vizuri kwa macho yako mapya. Mawe tupa, maana meno yangu yamebaki manne na hayasemezani. Lakini ile ya kioo itie humo humo, katikati, uuchanganye mfuko, na usiniambie iko upande gani. Nataka niitafute mwenyewe, dirishani, mchana kweupe.

Mjomba wako,
Balthasar Quast